Sahani ya Leo Tu

Tarumbeta ikikataa kutoa sauti, watu wawili huikimbilia kabla ya fundi: mwenye koleo na mwenye kitambaa cha kung'arishia. Wa kwanza huivunja. Wa pili huipendezesha ikiwa bado bubu. Katika miaka yangu ya stoo ya bendi ya polisi hapa Kampala nimewafukuza wote wawili mlangoni, na kabla sijajifunza kuwafukuza, nilikuwa mmoja wao.

Nawaandikia ninyi vijana wa kanisa letu la kambini kwa sababu wiki iliyopita mlikuja kwangu, mkakaa kwenye mkeka wangu, mkala karanga zangu zote, halafu mkaniuliza swali zito: mtu aliyepoa katika imani anarudije? Mlitaka jibu la mchungaji. Mimi ni koplo mstaafu, mjane, mjuzi wa kutoa mabonde kwenye shaba. Nitawajibu kwa kile ninachokijua, na mkiona nimepotea njia kidogo, vumilieni. Karanga hazikuwa za bure.

Niliingia polisi nikidhani nitashika bunduki. Wakubwa wakaona nina kifua kipana, wakanipeleka bendi nipewe tuba, lile baragumu kubwa la kukumbatia. Siku ya kwanza nilipuliza kwa nguvu zangu zote, na ile sauti iliyotoka ilimfanya mbuzi wa jirani akate kamba. Mkuu wa bendi alinitazama kwa huruma, akasema, "Akello, wewe nenda stoo." Ndivyo nilivyopata kazi ya maisha yangu.

Stoo ilikuwa mikononi mwa Mzee Juma, Mnubi wa Bombo, mtoto wa askari na mjukuu wa askari. Alizungumza Kiswahili cha kambini, kile ambacho mwalimu wa shule angekijaza wino mwekundu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Yeye aliswali kwenye kona yake, mimi niliimba nyimbo za kanisa nikifagia, na hatukukerana kamwe, ila pale nilipoimba nje ya sauti. Hilo lilitokea kila siku.

Mwezi wangu wa kwanza tulitangaziwa ukaguzi. Nikachukua trombone moja kuukuu, nikaing'arisha mpaka ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Afisa mkaguzi alinisifu mbele ya watu. Saa ya kupiga ilipofika, ile trombone ikalia kama ndama anayeumwa tumbo. Mzee Juma aliichomoa bomba, akaitikisa juu ya gazeti. Wakatoka mende waliokauka, na uji wa kijani unaonuka mpaka leo nikiukumbuka nakunja pua.

"Nani naweka mende?" nikauliza.

"Hapana mutu naweka," akasema. "Nyinyi napanguza nje, naweka kwa sanduku, nafunga. Ndani nani naosha? Mate ya mwaka jana bado iko pale."

Vijana wangu, hilo ndilo kosa la watu wa bendi za polisi, na sijui kama wa bendi nyingine wanalo. Sisi tunakaguliwa kwa macho. Basi mpigaji hujifunza mapema kwamba chombo kinachong'aa hakimletei matata, na anaweza kukaa miaka bila kupitisha maji ndani. Shaba huoza kutokea ndani. Ukitaka kujua, itazame juani: utaona vidoa vya rangi ya waridi, vidogo kama upele wa mtoto. Ukiviona hivyo, weka kitambaa chini. Kadiri unavyong'arisha ndivyo unavyomaliza ngozi ya shaba iliyobaki.

Jambo la pili alilonifundisha lilihusu neno. Siku moja niliona pistoni za tarumbeta fulani zimeshikana, hazibonyezeki, nikasema, "Hii imekufa." Mzee Juma aliweka chini glasi yake ya chai.

"Hapana sema ile neno kwa stoo yangu. Hii hapana kufa. Iko nalala. Wewe ukilala, mimi nakuita daktari ama nakuita gari ya maiti?"

Nikashika koleo ili niivute ile pistoni. Akaniondolea koleo mkononi polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akanifundisha: maji ya vuguvugu na sabuni, kisha mafuta, tone moja, kisha iache. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Usivute. Usigonge. Siku moja utaibonyeza kwa kidole na itashuka yenyewe.

Sasa niwaambie habari za Ocen, kwa sababu najua ndizo mlizozijia. Mwenyewe amenipa ruhusa, na akaongeza kwamba nisimfanye mrefu kuliko alivyo.

Ocen alikuwa sajenti, mpigaji wetu bora wa tarumbeta. Jumapili alikuwa kiongozi wa maombi hapa kanisani, na tarumbeta yake ndiyo iliyoanzisha nyimbo. Mkewe, Mama Apio, aliishi naye na watoto, binti yao Apio akiwa wa kwanza, katika moja ya zile nyumba za bati za duara tunazoziita unipoti, upande wa pili wa uwanja wa gwaride, ukitazamana na mlango wa stoo yangu. Ocen alikuwa na mchezo wake. Kazi ikiisha mchana, husimama mlangoni kwangu akapiga ule mlio wa kuwaita askari kwenye chakula. Mlio wenyewe ni wa zamani na kila askari anaujua, ila yeye aliutia madoido yake mwishoni kwa pistoni ya kati, kama mtu anayekonyeza jicho. Mama Apio akiusikia, anapakua. Kambi nzima ilicheka, na wanawake wengine waliwauliza waume zao mbona wao wanarudi kimya kama wezi.

Kisha Ocen akapelekwa kulinda Port Bell. Si mbali, mnajua wenyewe, bodaboda moja tu. Lakini alianza kulala hukohuko, na baadaye tukajua halali peke yake. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kwa muda mrefu aliendelea kuja Jumapili, akasimama mbele, akatuombea. Suruali imenyooshwa, tarumbeta inawaka. Siku ilipojulikana, alitoka kanisani kwa mlango wa pembeni na hakurudi. Tarumbeta ililetwa stoo ndani ya sanduku lake, nikaiweka rafu ya juu.

Alirudi mara moja. Kulikuwa na mkutano mkubwa wa injili bondeni Namuwongo, Ocen akapita mbele, akapiga magoti, akalia. Wakamwinua, wakampa kipaza sauti, wakamtafutia tarumbeta ya kuazima, akapiga, watu wakashangilia na kupunga vitambaa. Mama Apio alikuwepo. Alipika kuku. Kabla mvua za msimu ule hazijaisha, Ocen alikuwa amerudi Port Bell.

Siwezi kusema alidanganya siku ile. Nadhani alilia kweli. Lakini tulimng'arisha tukamweka juani, hakuna aliyeuliza ndani kuna nini.

Ikapita miaka. Nilikuwa peke yangu stoo kwa sababu Mzee Juma alikuwa amestaafu, amerudi Bombo. Mchana mmoja Kwaresima imeanza, nikaona kivuli mlangoni. Ocen. Amekonda, kofia mkononi.

"Mama Akello, mi naomba tarumbeta yangu."

"Ya kufanya nini?"

Akanyosha kidole kwenye rafu ya juu. Nikamshushia sanduku, nikageuka kutafuta mafuta. Nilipogeuka tena alikuwa ameshaona pistoni ya kati imeshikana, na ameshika koleo langu kutoka mezani. Nilipiga kelele nikachelewa. Meno ya koleo yaliuma kifuniko cha pistoni, na alama zile ziko mpaka leo.

"Ocen! Wewe ni mtu wa aina gani?"

Akakaa chini kwenye kreti ya soda, akaanza kulia bila sauti. Nikaacha kumgombeza.

"Jana nilikuwa kwa barabara, nasimama zamu," akasema. "Apio napita na wenzake, natoka shule. Mi namwona. Mi nangoja aniite. Yeye nasema, 'Jambo, afande.' Halafu napita. Mama Akello, hata hakukasirika. Amenisalimia kama vile nasalimia askari yoyote."

Nilimhurumia na nilimkasirikia kwa pamoja, na mkono wangu ukachukua beseni kwa sababu ndilo lililokuwa karibu.

"Chemsha maji," nikamwambia. "Yasiwe ya moto sana. Utaiosha mwenyewe."

Ikawa hivyo. Zamu yake ikiisha anakuja, anavua koti, anaosha. Mimi nilikataa kumsaidia kwa kidole. Siku za mwanzo maji yalitoka ya kijani na harufu ikajaa stoo. Alipokuwa anapitisha kitambaa ndani ya bomba alizungumza, akitazama bomba, hanitazami mimi. Alisema mambo ambayo sitayaandika. Moja ninaweza, kwa ruhusa yake. Alisema ule wakati wote aliposimama mbele kutuombea alikuwa anasubiri mtu amwambie, "Ocen, kaa chini," na kila mtu alimwambia, "Afande, umebarikiwa."

Mimi nilikuwa mmoja wa hao waliosema amebarikiwa. Basi nilisikiliza, na tukimaliza tuliomba, maombi mafupi. Mara nyingine yeye alisema tu, "Mungu, ni mimi," akaishia hapo. Tangu nimfahamu sikuwahi kumsikia akiomba maneno machache hivyo.

Mama Apio alipata habari. Kambini habari hazina mlango. Alinikuta kwenye bomba la maji, akatua ndoo yake.

"Mama Akello, sikia. Mimi nilifurahi mara moja, mbele ya watu. Nikapika kuku. Unajua kilichofuata. Huyu mtu akisimama tena pale mbele, wakimpigia makofi tena, halafu aanguke tena, mimi nachukua watoto, narudi Lira kwa kaka yangu. Hapana rudi tena. Siwezi kuzikwa mara tatu."

Akajitwisha ndoo akaenda. Basi hapo mjue, lililokuwa mezani mwangu halikuwa pistoni tu.

Wiki ile ile akaja mchungaji wetu wa wakati ule. Alikuwa Muganda, mtu mwema sana, mchangamfu, na kwake jina langu lilikuwa Akero. Alikuwa amesikia Ocen ameonekana.

"Mama Akero, banange, jamani, Mungu natenda! Pasaka yeye atasimama, atatoa ushuhuda, atapiga taarumbeta. Watu wataokoka!"

"Mchungaji, tarumbeta bado."

"Bado nini? Mimi naona iko safi."

"Pistoni ya kati bado. Na mdomo wake bado."

Kwa wale msiopiga: mpigaji akikaa muda mrefu bila kupuliza, misuli ya midomo hulegea. Ukimpa nyimbo za juu siku ya kwanza, atazipiga, kwa sababu anazijua, na kesho yake mdomo utavimba na atakaa mwezi mzima hawezi kitu. Dawa yake ni noti ndefu za chini. Moja, ishike mpaka pumzi iishe. Pumzika. Tena. Ni kazi ya kuchosha, haina uzuri, na hakuna mtu atakayekupigia makofi.

Nikamweleza mchungaji hivyo. Akaniambia Yesu husamehe papo hapo. Nikamwambia sikatai, na kwamba nadhani Ocen alishasamehewa siku ya kwanza akiwa kwenye kreti ya soda. Lakini tarumbeta ilikuwa chini ya saini yangu, na haitatoka stoo Pasaka hii. Nilifikiri atakasirika, na nilikuwa nimeshajiandaa.

"Kare, haya," akasema, akacheka kidogo. "Basi wewe fundi. Mimi nitaomba." Na aliomba kweli, kwa sababu mara kadhaa nilimwona amesimama nyuma ya stoo, kichwa kimeinama, anasikiliza zile noti ndefu.

Kila mtu alizisikia, atake asitake. Alipiga kwa zile pistoni mbili zilizobaki huku ya kati ikingoja. Vuuu. Kimya. Vuuu. Siku moja Mama Apio alinipigia kelele kutoka kwake, "Nani huyo anapiga sauti moja kutwa nzima? Kichwa kinauma!" Alijua vizuri ni nani. Nikajibu kwamba ni mgonjwa anafanya mazoezi. Akasema, "Mwambie apige taratibu basi," akaingia ndani.

Pasaka ikaja ikapita. Ocen alikaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, nguo za kawaida. Mama Apio alikaa mbele na watoto na hakugeuka nyuma. Hakuna aliyetoa ushuhuda juu ya mtu yeyote. Mwanamke wa Port Bell alikuwa ameshaambiwa kwamba yameisha, ana kwa ana, mbele ya mzee wa kanisa mmoja, na Ocen alihamia bweni la askari wasio na familia, akawa anakula posho, ule ugali wetu wa mahindi, na maharagwe ya kantini.

Baada ya Pasaka, siku ya kawaida tu, jua kali, Ocen alitia tone la mafuta kama ilivyokuwa desturi, akaweka kidole juu ya pistoni ya kati. Ikashuka. Ikapanda. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akaibonyeza tena.

"Ijaribu," nikasema.

"Nipige nini?"

"Chochote kinachotumia hiyo pistoni."

Akasimama mlangoni, akapuliza, na sidhani kama alichagua. Ulikuwa ule mlio wa chakula. Aliupiga chini chini, karibu na kunong'ona, na alipofika mwishoni kwenye madoido yake, yakatoka. Kisha akashusha tarumbeta haraka.

"Sina haki, Mama Akello. Mi sina haki ya kupiga hiyo."

Kabla sijajibu, mlango wa bati ng'ambo ya uwanja ukabamizwa. Tukausikia sote wawili. Ocen akarudi ndani, akaanza kufunga sanduku, na mimi, niwaambie ukweli, niliona yameisha. Nilijilaumu kwamba nilimwambia ajaribu.

Hapa lazima mjue sheria ya kambi. Uwanja wa gwaride haukatwi katikati. Hata mkubwa, kama hayuko kwenye gwaride, huzunguka kwenye njia ya mawe meupe. Mtoto wa kambi hufundishwa hilo kabla ya kusoma. Tukasikia mlinzi wa geti akipaza sauti, "Wewe mama! Wewe! Zunguka!" Nikachungulia nje. Mama Apio alikuwa anakata uwanja, katikati kabisa, kandambili miguuni, ameshika sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Mlinzi akaita tena. Hakugeuza hata shingo.

Aliingia, akaweka sahani juu ya meza yangu, kati ya nyundo na lehemu. Alifunua. Malakwang, ile mboga yetu ya uchachu iliyokorogwa kwa karanga, na viazi vitamu. Ocen alikuwa amesimama hapo hapo, ungeweza kumgusa. Mama Apio akanitazama mimi.

"Mama Akello, mwambie huyu mtu ni ya leo tu."

Nikamgeukia Ocen. "Umesikia. Ni ya leo tu."

"Mwambie asante," Ocen akasema.

"Anasema asante."

Mama Apio akatoka, na safari hii alizunguka kwa mawe meupe, pengine kwa ajili ya mlinzi, ambaye alikuwa amechoka kupiga kelele. Ocen alikula akiwa amesimama. Mimi nilikwenda nje nikaangalia mbuzi wa jirani, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka anione.

Kesho yake Ocen hakuthubutu kupiga ule mlio. Sahani ikaja hata hivyo. "Mwambie ni ya leo tu." Kesho kutwa ikaja tena, na maneno yale yale. Ikawa hivyo siku nyingi, mimi nikiwa mkalimani wa watu wawili wanaozungumza lugha moja. Kisha mchana mmoja sahani haikuja. Ocen alikaa kwenye kreti yake, akasubiri, uso ukawa rangi ya majivu. Jua likasogea. Ndipo tukasikia sauti ya Mama Apio kutoka mlangoni kwake, kali, ya kusikika kambi nzima:

"Kwani mimi ni mtumishi? Kila siku kubeba sahani! Huyo mtu hana miguu? Aje kula hapa. Na ni ya leo tu!"

Ocen alizunguka kwa mawe meupe. Alizunguka mbio.

Sitaki mdhani mambo yalinyooka siku ile. Kulikuwa na siku za maneno makali, na siku ambazo noti ndefu zilirudi. Apio alichukua muda mrefu kuliko mama yake. Lakini Mama Apio hakuwahi kusema "ya daima," na Ocen hakuwahi kumwomba aseme. Alirudi kupiga kanisani baada ya mwaka mzima na zaidi, safu ya nyuma, akifundisha wanaoanza. Mmoja wenu amefundishwa naye na bado anasahau kuosha ndani. Unajijua.

Mwezi uliopita walinialika chakula. Ocen sasa ana mvi, naye amestaafu. Apio aliingia amevaa sare, yeye mwenyewe askari siku hizi, akasimama mlangoni, akampigia baba yake saluti. "Jambo, afande." Ocen alicheka mpaka akakohoa, na mimi nilijua anacheka nini na analia nini.

Mama Apio akaleta sahani. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nasubiri mwenye nyumba aombee chakula. Akaiweka mbele ya mumewe, akasema kwa ile sauti yake ya ukali, miaka yote hii baadaye:

"Ni ya leo tu."

Ocen akasema, "Amina," tukaanza kula.